Dereva na Mpiga Honi

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Natumaini u mzima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua. Mimi sijambo, isipokuwa mafua, ambayo watoto wa darasani hunigawia bila choyo. Najua hatujasemezana tangu msiba wa mama, mwaka wa pili huu, na ukiuona mwandiko wangu utatamani kuichana barua. Tafadhali isome kwanza. Ina kichekesho.

Hapa chekechea nina watoto wawili marafiki, chanda na pete. Mmoja tunamwita Meneja kwa kupenda kuamrisha, mwenziwe ni Kipara. Kila asubuhi hupanga viti sita vikawa basi, na usukani ni sahani ya plastiki. Juzi waligombea sahani hiyo mpaka Kipara akang'atwa bega. Mimi, niliyefundisha miaka kumi na mmoja, nikajitia hekima: nikawatenganisha, kila mmoja na viti vyake na sahani yake. Mwalimu mkuu akanisifu.

Dada, nilivuna nilichopanda. Mabasi mawili, madereva wawili, na hakuna aliyeondoka kituoni. Meneja akaenda kumwagia mchanga binti wa fundi viatu, na alipolia wala hakumtazama. Kipara alinuna mpaka akakataa maziwa.

Jana nikawakuta wameviunganisha viti wenyewe. Nikajibanza nyuma ya kabati. Meneja bado aliung'ang'ania usukani. Kipara akamwambia, "Shika wewe. Lakini honi ni yangu, na huondoki mpaka nipige." Meneja akaliangalia lile bega, akakubali. Kisha wakaniita niwe abiria.

Nimekaa kwenye kile kiti, magoti yananigusa kidevu, nikakukumbuka wewe nikatokwa na machozi. Wale wawili hugombana kuliko watoto wote, ila hupatana upesi, kwa kuwa kila mmoja anamtaka mwenzake kesho. Mimi nina cherehani ya mama peke yangu, na sijashona nayo hata kifungo. Nimeifunika shuka.

Sasa nikwambie ukweli. Nilisema mama alinipa mwenyewe. Hakunipa. Niliibeba ulipotoka kuwasindikiza wageni, kwa kuogopa utaichukua wewe, maana fundi ni wewe. Ukaniita mwongo mbele ya shangazi, nami nikanuna kama niliyeonewa. Ulisema kweli, dada. Nisamehe.

Jumamosi nitaileta, hata kama hutanijibu. Ukinifungulia mlango, kaa wewe kwenye kiti, ukanyage pedeli. Mimi naomba mkasi tu, na hushoni mpaka nikate.

Msalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu, mpaka mafua yaniishe.

Ni mimi mdogo wako,
Kiherehere