Kaushik Ameomba Karata Moja

Jumatano, 6 Novemba 1996

Poka tena leo! Hapa hapa uani, kwenye gesti yangu. Mume wangu alirudi na mchezo huu wa karata kutoka machimbo ya Runzewe, kama wengine wanavyorudi na malaria. Anacheza na Kaushik, mnunuzi wa almasi, na Mwigulu wa spea za baiskeli. "Nimemsoma machoni," anasema Ignas. Analipa aone karata. Anapigwa. Macho! Kaushik anapatana bei na wachimbaji wa hapa Maganzo kutwa nzima, sura kama ukuta. Utasoma nini pale?

Mimi nikipita na chai naangalia kitu kimoja tu: nani kaomba kubadilisha karata ngapi.

Ijumaa, 8 Novemba

Honda imekwenda, pikipiki ya Ignas.

Kaushik hakubadilisha hata karata moja. Mtu wa hivyo ama mkono wake umekamilika, ama anadanganya — na Kaushik hadanganyi, nimemtazama tangu masika. Mume wangu, Baba Limi, na jozi zake mbili akalipa! Mayo!

Nikasema Jumapili nitakaa mimi, friji yangu kwa Honda. Wakacheka. Baadaye nikamsikia Ignas akimwambia Mwigulu heri pikipiki ibaki kwa Mhindi kuliko yeye kurudishiwa na mke wake. Bwana mkubwa. Anatembea kwa miguu na heshima yake.

Jumapili, 10 Novemba

Naandika jikoni, mchezo haujaisha. Nimesingizia mchuzi unaungua.

Nilitoka kanisani, nikakaa. Kaushik kaja na peremende za Diwali, kavaa shati jipya. "Shikamoo Mama Limi, leo simkatai mtu." Tunahesabu kwa maharage. Atakayemaliza ya mwenzake anachukua vyote viwili, Honda na friji.

Mkono wa sasa: nina malkia watatu. Yeye kaomba karata moja. Basi ana jozi mbili, nazo nazipiga. Au alikuwa na nne za alama moja, tuseme kopa, akatafuta ya tano ya kunipiga — hiyo huja kama mara moja kati ya tano. Akiikosa, labda leo anadanganya, sikukuu. Kasukuma maharage thelathini. Mezani sasa tisini, mimi natakiwa thelathini. Nikishinda mara moja tu katika nne sijapoteza kitu. Naona nashinda hata mbili. Wanaume hawa hesabu hiyo hawaitaki, wanataka macho!

Mteja kamwita Kaushik getini. Karata zimelala kifudifudi, Mwigulu anazilinda.

Ignas kanifuata huku. Ananong'ona.

"Mama Limi, tupa. Nilipita nyuma yake, nimeziona. Kopa tupu, zote tano."

"Kubwa yao ipi?"

"Malkia."

"Umeiona kweli?"

"Haki ya Mungu!"

Malkia wa kopa ninaye mimi.

Kaushik ameshaanza kuita. Nimempa Ignas mwiko, akoroge mchuzi; mimi narudi kulipa. Anakoroga.