Kanuni ya Nne

Plaun Sura, 12 Februari 1984

Kaka Riet,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Bern, wewe, wifi na watoto. Sisi hapa hatujambo. Mama analala vizuri tangu juzi, supu ya shayiri anamaliza bakuli, ila nyonga bado inamuuma kila hewa inapogeuka. Theluji ni nyingi, dirisha la zizi halionekani.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Leo asubuhi tarishi ameniletea fomu yangu ya Mashindano ya Kimataifa ya Walimu wa Skii. Imerudishwa. Imepigwa mstari mwekundu, na pembeni pameandikwa: "Kanuni ya 4. Siku 31 za kufundisha. Zinatakiwa 40." Chini kuna sahihi. Niliitazama mara tatu, nikavaa miwani, nikaitazama tena. Sahihi yako, Katibu wa Kamati ya Kanuni.

Riet, mimi nimefundisha skii miaka ishirini na miwili. Mashindano safari hii yanafanyika hapa, kwenye mteremko ulio juu ya nyumba yetu. Mwakani ni Norway, mwaka unaofuata sijui wapi. Hapa hayatarudi nikiwa bado na magoti. Nina miaka arobaini na nne na nataka kushuka mlima wangu mara moja nikiwa na namba kifuani. Nataka hilo tu, sijaomba kingine.

Unajua siku tisa zile zimekwenda wapi. Tangu Mama aanguke Machi mwaka jana, nafundisha siku ambazo jirani Onna anaweza kuja kukaa naye. Nyingine zote niko hapa namgeuza kitandani. Mzee Caviezel wa shule ya skii alinihurumia. Alishika muhuri mkononi akaniambia, "Mengia, tisa tu, nani ataona?" Nikamwambia aurudishe kwenye droo. Nilidhani kaka yangu mwenyewe ataelewa bila mimi kusema uongo.

Tafadhali liangalie tena jambo hili.

Dada yako,
Mengia


Bern, 20 Februari 1984

Mdogo wangu Mengia,

Marahaba. Sisi hatujambo, ila mafua yamepita nyumba nzima. Mama anaendeleaje? Mpe salamu nyingi. Mwambie namkumbuka kila siku.

Fomu yako niliisoma mimi, sikumwachia karani. Mkono ulikuwa mzito, niamini. Lakini kuna fomu mia moja na tisini kutoka nchi kumi na nne. Nikikupitishia wewe siku tisa, Mwitaliano ataniuliza mbona wake wa siku thelathini na nane nimemkata, na watasema katibu anabeba ndugu zake. Tena mashindano yenyewe yako kijijini kwetu!

Halafu nakuomba usome karatasi niliyoiambatanisha. Ni nakala ya barua uliyoniandikia Aprili 1968. Unamkumbuka yule mwanamke aliyekuja na koti jekundu la ualimu la kuazima, kumbe ni mteleza skii wa timu ya taifa, hajafundisha mtoto hata mmoja kufunga kiatu? Alikushinda kwa sekunde nne. Ukaniandikia kurasa sita za matusi, na katika ukurasa wa tano ukasema hivi: "Hataruhusiwa kushindana mtu yeyote ambaye, katika miezi kumi na miwili iliyotangulia, hakusimama na wanafunzi kwenye theluji siku zisizopungua arobaini, zilizogongwa muhuri." Nilipeleka maneno hayo kwenye kamati kama yalivyo. Kanuni ya nne ni mwandiko wako, Mengia. Mimi niliongeza nukta tu.

Ninachoweza kukupa ni hiki. Kanuni ya kumi na saba inataka watu watatu washuke kabla ya mshindani wa kwanza, wafungue njia na kuonyesha kwamba malango, ile miti ya bendera ya kupita katikati, yamekaa sawa. Hawavai namba, na muda wao hausomwi wala hauandikwi popote. Lakini utashuka mlima wako siku ileile, theluji ileile. Jina lako nimeshaliweka.

Kaka yako,
Riet


Plaun Sura, 27 Februari 1984

Riet,

Shikamoo yako nimeiweka kabatini. Ukiihitaji uje uichukue.

Unauliza Mama anaendeleaje. Kila barua unauliza, miaka yote, mstari wa pili, kabla ya hali ya hewa. Anaendelea kwa sababu kuna mtu anamwendeleza. Anaendelea kwa sababu saa kumi na mbili asubuhi namwosha, saa nne namgeuza ubavu wa kulia, saa nane wa kushoto, jioni namkanda miguu, na akichafua shuka hapo katikati naanza upya. "Mwambie namkumbuka." Nimemwambia. Amesema, "Nani?"

Ndiyo, kanuni niliiandika mimi. Sikatai. Niliisoma nakala yako nimesimama jikoni na nikacheka peke yangu kwa hasira, maana nilivyokuwa na ulimi wakati ule, weee! Lakini nilimwandikia mwongo aliyeazima koti. Sikumwandikia mtu anayemnyanyua mama yake na kumweka chini. Hata mwendawazimu angeona tofauti, ila katibu haoni.

Na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa na kanuni yako ya kumi na saba. Unataka niwe ufagio. Nishuke kuwasafishia njia wasichana niliowafundisha mimi wenyewe kusimama, halafu nikifika chini pasiwe na namba, pasiwe na muda, kana kwamba hakuna aliyepita. Nyumbani niko hivyohivyo, ahsante, sikuwa na haja ya kupandishwa mlimani kwa ajili hiyo.

Hata hivyo nitashuka. Si kwa ajili yako. Nimeshasogeza kitanda cha Mama dirishani na anaona malango ya mwisho sita. Nimemwambia nitapita pale na ameniuliza mara kumi ni lini.

Mengia


Bern, 2 Aprili 1984

Mdogo wangu,

Natumai hamjambo. Sisi tuko salama, nimerudi salama.

Mashindano yalikwenda vizuri, lalamiko moja tu kutoka kwa Wafaransa. Lakini si hilo ninaloandikia. Uliposhuka nilikuwa chini, karibu na kibanda cha watunza muda. Nimetazama walimu wakiteleza tangu nikiwa mtoto na sijaona mtu akipita lango la nane, lile la kwenye barafu, kimya vile. Mnorwe aliyekuwa pembeni yangu aliuliza, "Huyo nani?" Nikajikuta nasema, "Dada yangu."

Kuna jambo. Saa lazima ijaribiwe kabla ya kuanza, kwa hiyo ilikuwa inahesabu. Mtunza muda alinitazama, nikamtazama. Kanuni inasema muda wa mfungua njia hauandikwi. Nimeuandika. Uko ndani ya hii bahasha ndogo niliyoibandika. Baada ya matokeo nikaulinganisha: ungekuwa wa pili. Sijawahi kuvunja kanuni hata moja kwa miaka kumi na sita, hii ndiyo ya kwanza.

Nafikiria pia kupeleka pendekezo kwenye kamati, siku za kuuguza mzazi zihesabiwe kama siku za kufundisha. Unasemaje?

Kaka yako,
Riet


Plaun Sura, 9 Aprili 1984

Riet,

Mama hajambo. Mimi sijambo. Basi.

Bahasha yako ndogo hii hapa, inarudi kwako. Haijafunguliwa, geuza uone gundi. Muda unaosomwa kwa siri na kaka mtu si muda. Nilitaka usomwe kwenye kipaza sauti, na Mama dirishani asikie. Kuwa wa pili ndani ya bahasha siwezi kumsomea mtu.

Na kanuni ya nne usithubutu kuigusa! Ni nzuri. Ni yangu. Kumwosha mama si kufundisha skii na sitaki mtu aniwekee huruma kwenye kitabu cha sheria.

Sasa nikwambie kilichonichoma kweli, maana wewe bado unadhani ni siku tisa. Ulikaa kijijini siku tatu. Ulilala hotelini na wajumbe, wakakuletea nyama ya paa na divai. Nyumbani ulikuja dakika ishirini. Najua ni ishirini kwa sababu nilikuwa nimeweka mkate kwenye jiko na ulipoondoka ulikuwa haujaiva. Hukuvua koti, Riet. Ulikaa kwenye ukingo wa kiti na koti mwilini, ukamshika Mama mkono na glavu, ukaacha boksi la chokoleti ambazo hawezi kutafuna. Alipokuomba umsaidie kukaa vizuri uliniita mimi. Ulisema, "Mengia, Mama anataka kitu." Nilikuwa chumba cha pili nafua shuka. Hasira niliyoipata pale ndiyo niliyoshuka nayo mlimani kesho yake, kwa hiyo kama nilipita lango la nane vizuri, ahsante kwako.

Mimi nimepata nafasi ya kufundisha Chile. Huko baridi yao inaanza Juni. Siku arobaini, zinagongwa muhuri, na mwakani nitakwenda Norway na fomu safi. Naondoka tarehe 14 Juni.

Utauliza Mama abaki na nani. Nimeandika kanuni, kwa kuwa inaonekana nina kipaji. Isome: "Hataruhusiwa kujiita mtoto wa Mama mtu yeyote ambaye, katika miezi kumi na miwili iliyotangulia, hakumwosha, hakumlisha na hakumgeuza siku zisizopungua arobaini, zilizogongwa muhuri." Daftari hili hapa ndani, nimelichora mistari mwenyewe. Muhuri ni ule wa mti wa kugongea siagi aliotuachia bibi, wenye ua. Anao Onna, na wino nimemnunulia. Atakuja kila jioni, akiona Mama ni msafi na ameshiba atagonga. Asipoona, hagongi. Hapendelei mtu.

Mengia


Plaun Sura, 3 Juni 1984

Riet,

Wiki nane hujajibu. Tiketi nimekata. Tarehe 14 saa mbili asubuhi nitakuwa kituoni, na ufunguo utakuwa chini ya ndoo kama siku zote. Kama hutakuja niambie sasa nimtafutie Mama mtu wa kulipwa, na hapo sitakuandikia tena, na nikisema hivyo unanijua.

Mengia


Plaun Sura, 1 Julai 1984

Dada Mengia,

Shikamoo.

Ndiyo, mimi mkubwa ninakuamkia wewe mdogo. Nimejaribu kuanza barua hii mara nne kwa namna nyingine na kalamu imegoma.

Leo ni siku ya kumi na saba tangu nichukue ufunguo chini ya ndoo. Mgongo wangu umekwisha. Siku ya kwanza nilimwaga beseni zima kitandani, Mama akaniambia, "Wewe nesi mpya huna mikono." Siku ya tatu nilimlisha supu ya moto, akanitemea shatini, na nilistahili. Siku ya sita nilimpigia kelele. Nilimfokea mama yangu kwa sababu ya soksi, Mengia. Kisha nikaenda kukaa zizini, nikajiuliza wewe ulikuwa unakwenda kukaa wapi.

Nakukasirikia pia, nisikufiche. Mbona hukuwahi kusema? Vidonda vile vya mgongoni hukuniandikia hata siku moja. Ulikuwa unaniandikia supu ya shayiri na theluji. Nikauliza hali, ukajibu hatujambo, nami nikaamini kwa kuwa iliniletea raha kuamini. Nimeshazisoma barua zako zote za mwaka jana, amezitunza wifi yako. Hatujambo, hatujambo, hatujambo. Mwongo wewe!

Siku ya kumi na moja nilizidiwa na usingizi, sikuamka mpaka saa sita mchana. Onna ndiye aliyemwosha na kumlisha. Jioni akaligonga daftari vilevile, akasema, "Moja tu, nani ataona?" Siku hiyo nimeifuta mwenyewe kwa mstari mwekundu.

Jana wakati namkanda miguu alinishika kichwa akaniita Mengia. Akasema, "Mengia, nilikuona dirishani. Ulipita vizuri." Sikumsahihisha. Nilimwambia, "Ahsante Mama." Nakufikishia maneno hayo, kwa kuwa ni yako, si yangu.

Niandikie. Hata matusi.

Kaka yako,
Riet


Farellones, Chile, 9 Julai 1984

Kaka Riet,

Marahaba.

Barua yako imefika leo. Nimeisomea kwenye kiti cha kebo kinachotupandisha mlimani, na wanafunzi wangu wakaniuliza kama nimepata msiba. Niliwaambia ni baridi tu.

Vidonda vya mgongoni vipake mafuta ya mgando, si ile dawa ya bomba. Soksi avae zile za kijivu, za bluu zinamuwasha, ndiyo maana aligombana nawe. Na zizini kaa upande wa mlango, kule ndani kuna upepo.

Nimegongewa ishirini na mbili. Wewe, mpaka jioni hii, kama hujalala, ni siku ya ishirini na tano. Lakini kwa kuwa ile ya kumi na moja umeifuta, umebakiza kumi na sita.

Dada yako,
Mengia