Maziwa Hayaoshi Kifua

Makongeni, Thika. Jumatano. Baridi ya Julai, manyunyu tangu asubuhi.

Hakuna moshi unaoniweza mimi. Nimemeza wa kuni, wa tumbaku na wa mitungi ya gesi, na kifua bado ni ngoma.

Haya, uongo. Leo nimekohoa mpaka mbuzi wa jirani akakata kamba.

Karanja alikuja kutoka Ruiru na sufuria kubwa ya aluminiamu, ile ya kupikia watu wa harusi, imepasuka ubavuni. Karanja ni wakini wangu. Tulitahiriwa siku moja, na mpaka leo anaapa kwamba nililia.

Nilifunga mlango wa karakana, dirisha nikaliziba kwa gunia. Mafundi wengi hufanya hivyo. Chuma kikipata moto hugeuka chekundu, kinakuonya. Aluminiamu haina adabu hiyo, inakaa nyeupe vile vile, halafu ghafla inaanguka chini kama uji. Upepo ukichezea moto wako, kazi imeharibika.

Nikapaka ule unga wa kufanya aluminiamu ishikane, nikawasha. Unga ukiungua hutoa moshi mweupe unaouma koo. Na sisi tukainama juu yake, vichwa vikigusana, kama tunachungulia kisima.

Sikuogopa. Dawa nilikuwa nayo: maziwa. Kikombe kabla ya kazi, kikombe baada, moshi unateleza. Hivyo nilifundishwa, na hivyo nimefundisha wengine kwa sauti kubwa.

Karanja alikunywa vyake viwili, akainama tena. Mara midomo ikawa rangi ya majivu. Akashika ukuta, pumzi ikiingia kwa mluzi. Akafungua mdomo, neno halikutoka.

Karanja, kukosa neno!

Hapo ndipo niliogopa. Nilizima moto, nikapiga mlango teke, nikamburuta nje kwa kola ya koti. Mke wangu akaja mbio, na hakuja na pole.

"Haiya, Baba Wanjiru! Maziwa yanaenda tumboni, moshi unaenda kifuani. Hizo barabara zinakutana wapi?"

Nilisoma mpaka darasa la tatu. Hilo swali hatukufika.

Karanja alikaa kwenye manyunyu muda mrefu, mimi nikimshika mgongo, mpaka rangi ikamrudia. Akayatazama macho yangu yanayotiririka machozi.

"Wakini," akasema, "na leo utasema hukulia?"

Sufuria niliimalizia nje, chini ya upenu. Niliegemeza kipande cha bati kukinga moto tu, si uso wangu. Nikakaa upepo unipige ubavuni, uchukue moshi uende zake, na kichwa nikakiweka kando. Imeshika vizuri kuliko zote nilizofungia mlango. Karanja nimemwambia kifua kikibana tena akimbilie hospitali, asije kwangu.

Maziwa sasa ni ya chai.

Lakini mvua kubwa ikija siwezi kuchomea nje. Karakana inataka matundu mawili mapana, moja chini upande huu, moja juu upande ule, hewa ipite. Karanja ameshaenda zake na sufuria, kwa hiyo kesho nitatuma mtu Ruiru na maneno haya:

Karanja, ulipoezeka nyumba yako, nani alishinda juu ya paa akipigilia misumari, wewe chini umeshika ngazi na kutoa mashauri? Jumamosi njoo na tindo. Ukuta wangu ni wa bati, hautakusumbua. Safari hii ngazi nitashika mimi, na mashauri ninayo mengi.