Maziwa Niliyompa Mtoto wa Scovia

Homa Bay

Kwako Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku mjini. Natumaini goti limepoa na kwamba mvua ya Macalder haijaangusha mahindi yako. Sisi tu wazima. Cliff ameota meno mawili na ananing'ata kweli kweli.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema Mama Jerusha na wenzake wa kanisani wamekata kauli kwamba mwanamke asiyezaa hana maziwa, kwa hiyo eti nilizaa nikatupa mtoto. Unataka nije Jumamosi nisimame mbele ya watu nitubu, la sivyo mtamchukua Cliff mkamlee huko kwa uji. Siji, Mama. Na Cliff haendi popote.

Hebu nikukumbushe ilivyoanza. Siku tuliyomzika dada yangu Scovia, mtoto wake Cliff alikuwa na siku tisa, na alilia mpaka sauti ikakauka. Ni wewe uliyeniambia nimpe titi anyamaze tu, vile dani humpa mjukuu titi lake kavu. Nikampa. Wesley, babake, akaniruhusu nije naye huku, nami nikaendelea kumnyonyesha hivyo hivyo huku nikimlisha maziwa ya kopo. Wiki ya sita nikaona blauzi imelowa. Nilikaa kitandani nikacheka, halafu nikalia, maana dada yangu hakuwepo nimwonyeshe.

Na mambo haya ndiyo kazi yangu. Pale maabara nakata vipande vya titi vyembamba kuliko karatasi, navitia rangi, watafiti wanavichunguza. Chembe za titi hazifanani, Mama. Kuna zinazojenga vijia, kuna zinazokamua, kuna zinazotengeneza maziwa. Zote zimebeba jeni zilezile, ila kila moja inatumia zake, kama kwaya yenu: kitabu cha nyimbo ni kimoja, lakini besi haiimbi mstari wa soprano. Mtoto akinyonya bila kuchoka, jeni za maziwa zinaweza kuamka hata kwa mwanamke ambaye hajazaa. Mwambie Mama Jerusha hivyo. Akibisha, aje mwenyewe nimwonyeshe kwa darubini, na chai nitampikia.

Sasa hili ni lako peke yako, usilisome kwa sauti. Sijawahi kutupa mtoto. Lakini nikiwa mwaka wa pili chuoni nilibeba mimba, na ilipofika miezi mitano ikatoka yenyewe. Scovia pekee ndiye aliyejua. Alinishika mkono kutwa nzima hospitalini. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa umeapa kwamba binti yako akipata mimba kabla ya kuolewa asikanyage tena kwako. Nilikuogopa, Mama. Sasa sikuogopi.

Daktari ninayefanya naye kazi anasema huenda mimba ile ndiyo iliyoandaa titi langu, kwamba chembe zinaweza kubaki na kumbukumbu ya kazi zilizoitiwa. Mwanangu yule hakuishi, lakini mwana wa dada yangu anashiba. Mnataka nitubu nini hapo?

Jumamosi njoo wewe, tena njoo peke yako. Utamkuta Cliff ananyonya, na sitajifunika.

Wasalimie wote hapo nyumbani, hata Mama Jerusha.

Mimi bintiyo,
Lynnet