Hina Iliyoendesha Saa

Baba Zuhura wangu,

Leo tumekoroga hina ya Mwanaidi, mdogo wangu, yule uliyekuwa ukimwita shemeji mkorofi. Anaolewa kesho, hapa hapa Makole. Nyumba imejaa wanawake na vigelegele, nami nimejifungia chumbani nikuandikie, maana nimekukumbuka hadi kifua kinauma.

Unaikumbuka hina yangu? Ruksa ya kuleta bidhaa kutoka nje ilikuwa mpya, maduka yamejaa redio, na watu wakianika juani betri zilizokufa ili wasikie walau taarifa ya habari. Wewe, mwalimu wa kemia, ukasema ipo siku betri zitatengenezwa kwa majani na plastiki. Plastiki ishike umeme? Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kumbe hukuwa ukitania. Siku ya kunipamba ukatuma mtu, eti bwana harusi anaomba bakuli la hina.

"Makubwa! Anataka kupaka kucha?" shangazi akasema. Lakini alikupa, nami nikaolewa mguu mmoja ukiwa hauna maua ya hina.

Hina ile uliichanganya na unga wa vijiti vyeusi vya betri mbovu, ukaipaka kwenye vitambaa, ukavitumbukiza katika maji ya chumvi pamoja na vipande vya zinki. Ukaunganisha nyaya, na saa yetu ya mezani ikatembea! Ukanishika kiganja. "Rangi hii hii ndiyo inayopokea umeme. Ikichoka, tunaichaji, inaanza upya."

Ilikuwa ikichoka upesi, mume wangu, tuseme ukweli. Na kila ikichoka uliichaji huku ukiimba vibaya. Jamani, ningetoa chochote nisikie tena sauti ile mbaya.

Homa ilipokuchukua, niliichaji mwenyewe kama ulivyonifundisha. Saa ikatembea kidogo, ikasimama. Vitambaa vimechakaa, ila sijavitupa.

Sasa sikia nilichofanya leo. Shangazi alipomaliza kukoroga, nilichota bakuli moja nikaliweka dirishani, bila hata kufikiri. Akaniuliza, "La nani hilo?" Nikajibu, "La shemeji yake Mwanaidi. Atatuma mtu." Kisha nikalibeba, nikaja nalo humu chumbani.

Hina imeanza kukauka. Zuhura wetu amegonga mlango, anauliza kama anaweza kuipaka. Nimemwambia asubiri kidogo.

Lala salama, mpenzi wangu.

Mkeo,
Mama Zuhura