Makofi ya Chumba cha Kubadilishia Nguo

Kambi ya Wanariadha,
Bweni la Wasichana.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Presha imeshuka? Na goti lako, bado linatabiri mvua? Mimi ni mzima kuanzia magotini kwenda juu. Ya huko chini nitakueleza, ila tafadhali usiisome barua hii mbele za watu.

Sitakwenda mashindanoni. Mfupa wa muundi wa kushoto umepata ufa, na mguu umefungwa plasta. Sikuanguka wala sikugongana na mtu. Nilikuwa nakimbia tu, mfupa ukagoma.

Naona aibu kuandika yanayofuata. Lakini wewe ndiye uliyenifunda nilipovunja ungo, nikikuficha wewe nitamwambia nani?

Hapa kambini wasichana tuna desturi yetu. Mmoja akikosa siku zake, wenzake humpigia makofi kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Tunaamini kwamba mwili wake sasa umekuwa wa mbio hasa. Kocha akipita nje hudhani tunashangilia mazoezi, basi naye hupiga makofi hukohuko, maskini.

Zangu zilikuwa zinakuja kila mwezi, nami nikajiona mzito, mzembe, wa kuchekwa. Nikaanza kula nusu sahani na kudai nimeshiba. Zikakoma. Nikapigiwa makofi! Sikufurahi hivyo hata siku niliyovishwa medali.

Basi mguu ulipopasuka, daktari, mama mtu mzima, aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, siku zako zinakuja vizuri?" Kocha alikuwa amesimama mlangoni na begi langu. Nikasema zinakuja. Daktari akanitazama, akasema hedhi ikikoma kwa sababu ya kula kidogo na kukimbia sana, mifupa nayo hudhoofika. Nikatazama dari.

Uongo huo unaniuma, lakini la jana limenimaliza. Sisimizi, mdogo wetu kuliko wote hapa, alikuja kitandani kwangu uso unang'aa. Akaninong'oneza, "Dada, hata mimi zimekata!" Kisha akangoja. Nami, mguu uko juu ya mto na magongo yameegemea ukuta, nikampigia makofi.

Nilipiga kwa nguvu, Shangazi. Mikono hii naitazama sasa hivi na kuionea haya.

Leo asubuhi niliiacha chai mezani. Wewe husema mficha uchi hazai. Nikamwita Sisimizi nje, nikamweleza kila kitu, nikamwomba anirudishie makofi yangu. Alikasirika, akasema namwonea wivu kwa kuwa siwezi kukimbia. Labda kidogo ni kweli. Kisha akalia, akauliza kama mguu wake nao utapasuka. Kesho tunakwenda sote wawili kwa daktari, na mimi nitasema kwanza, hata kama Kocha atakuwa mlangoni.

Nisalimie Babu, Mjomba na saa zake mbovu anazozitengeneza, na wale pacha watundu. Mungu akupe afya na usingizi mtamu. Nami niombee, Shangazi, nirudishiwe usumbufu uleule niliokuwa nikiulaani kila mwezi.

Ni mimi wako nikupendaye, na magongo yangu mawili,

Kiroboto