Mwalimu wa Kwasa Niliyemwandika Kibarua

Mabawe, Ngara
Jumamosi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, hofu yangu ni kifua chako. Na Mama amemaliza kuvuna maharage? Msinijibu "tuko salama" tu kama kawaida yenu, halafu nasikia mengine kwa watu wa mabasi.

Huku naendelea na ukarani katika shule za kambini. Wakimbizi bado wanaingia, kuni zimekuwa mbali, na wenyeji niliopanga kwao wamechoka, ingawa hawajaacha kunigawia ugali. Lakini leo nataka nikueleze habari ya mtu mmoja.

Mwezi uliopita nilikuwa naorodhesha watu wa kazi. Akaja mzee kutoka Burundi, anaitwa Salvatori, shati limechanika, mikono imejaa sugu. Akasema alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, vyeti vimeungua. Nikamtazama juu mpaka chini, nikamwandika kibarua wa kuchimba vyoo. Sikumuuliza hata swali moja, Baba.

Juzi mchana nikamkuta nyuma ya darasa, amezungukwa na wanafunzi. Ameegemeza kioo ndani ya beseni la maji, jua linapiga, na kwenye shitingi, lile turubai jeupe la plastiki la ukutani, zimetokea rangi zote za upinde wa mvua. Alikuwa anawafundisha kwasa, kitu fulani cha mbali huko angani. Ukiitazama kwa darubini ni nukta tu, alisema, hata wataalamu waliidhania nyota. Ndipo wakauchambua mwanga wake rangi kwa rangi, wakakuta mistari ya haidrojeni imesogea upande wa nyekundu, si mahali pake pa kawaida. Kusogea huko ndiko kulikowaonyesha kwamba iko mbali mno. Kumbe ni kiini cha galaksi nzima, yaani mabilioni ya nyota pamoja! Katikati kuna shimo jeusi linalovuta gesi, na gesi hiyo ikizunguka kabla ya kumezwa hupata joto kali, ikang'aa kuliko nyota zote za galaksi yake. Mwanga wa nyingine ulianza safari kabla dunia yetu haijakuwapo. Nilisimama pale mdomo wazi, faili kwapani.

"Mzee, mbona siku ile hukubishana na mimi?"

"Binti yangu, kalamu ilikuwa kwako," akajibu. "Na mimi nilikuwa na njaa. Nasema urongo?"

Niliona haya mpaka machozi yakanilenga. Nikaenda kwa mkuu wangu kumwombea darasa la fizikia. Akasema bila cheti lazima mtu amdhamini. Jumatatu atakuja mkaguzi kumsikiliza akifundisha, na akishindwa tunaondoka wote wawili, mzee na mimi. Kiswahili cha mzee ni cha kuungaunga, naogopa. Najua mshahara huu ndio dawa yako. Hata hivyo nimeweka sahihi ya kumdhamini, unisamehe.

Nisalimie Mama, shangazi anayeuza dagaa sokoni Biharamulo, na kaka yangu mkubwa, yule mvivu wa kuandika.

Basi la kuja huko ni Jumanne. Wakinifukuza, barua hii nitakuletea mwenyewe. Ukikabidhiwa na kondakta, jua mzee Salvatori yuko darasani.

Ni mimi binti yako,
Adventina